Je, Tuna Deni kwa Jamaa ya Askari?

Mtu akitaja kambi ya askari, mara tunawaza bunduki, gwaride na amri. Lakini apitaye asubuhi karibu na kambi Ketele hapa Kisangani ataona kwanza mambo ya nyumbani. Mama anapuliza moto wa makala. Watoto wanavaa mashati meupe ya shule. Msichana anatoka na beseni la mikate kichwani, anakwenda kuuza. Na mara nyingi baba hayupo: yuko Ituri, au Kivu, au yuko njiani kati ya vita na vita.

Tumezoea kuuliza: Askari ana wajibu gani kwa taifa? Swali hilo ni jema, wala hatulifuti. Lakini kuna swali la pili ambalo husahauliwa. Sisi raia, na hasa sisi Wakristu, tuna deni kwa jamaa ya askari, yaani mke wake na watoto wake? Na kama tuna deni, ni deni la namna gani? Ni sadaka, ambayo mtu hutoa kwa kadiri ya huruma yake? Au ni haki, ambayo mtu akiizuia amemdhulumu mwenzake?

Swali hili limetujia kwa sababu ya habari za nchi nyingine. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, tangu mwaka 2007 kuna chama cha hisani kiitwacho Project Sanctuary. Kazi yake ni kuzichukua jamaa za askari, baba, mama na watoto pamoja, na kuzipeleka mahali pa utulivu kwa siku chache. Huko wanapumzika, wanacheza, wanaongea na washauri waliosomea vidonda vya moyo, na wanajifunza tena kukaa pamoja. Sisi Wakatoliki tungesema kwamba wanafanya mafungo, ingawa mafungo yao yanataka kuponya nafsi na nyumba. Basi tukajiuliza: Jambo kama hilo lafaa kwetu Tshopo, au ni anasa ya nchi tajiri?

Kidonda kisichoonekana

Tuwaze askari mmoja wa kawaida, si shujaa wala si mwovu. Amekaa porini miezi kumi na minane. Amewazika wenzake. Pengine ameua. Pengine ametenda, au ametazama bila kuzuia, jambo ambalo hawezi kumsimulia mtu. Siku moja anapewa ruhusa. Asubuhi yuko Ituri. Jioni ndege imemshusha Bangboka. Usiku ule ule analala katika kitanda chake. Mke anafua sare, na udongo unatoka. Lakini kuna kitu ambacho sabuni haikitoi.

Sufuria ikianguka jikoni, baba anaruka. Mtoto akilia usiku, baba anapiga kelele kama aliye bado vitani. Mchana analala, usiku anaketi mlangoni. Anatafuta lotoko, maana hiyo tu ndiyo inayomnyamazisha yule anayesema ndani yake. Mke anajifunza kutembea polepole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Watoto wanajifunza kunyamaza, na mgeni akija anasifu: "Watoto hawa wana adabu." Kumbe si adabu, ni woga.

Waganga wa hospitali wanaijua hali hii. Si udhaifu wa waoga, maana huwapata hata walio hodari. Wala haifai kukimbilia kusema kwamba ni uchawi, na kuanza kumtafuta bibi mzee wa kumsingizia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wamefanya kazi mashariki ya Kongo pamoja na watu waliowahi kupigana. Njia yao ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda. Kamba inalazwa chini, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo jema anaweka ua; kwa kila jambo baya anaweka jiwe. Kisha anasimulia kwa utaratibu, tangu mwanzo, wala hapitwi na jiwe hata moja, na yule anayemsikiliza hamkimbii.

Wataalamu hao waliona pia jambo la kutisha. Wengine, baada ya kukaa sana katika mapigano, walikuwa wameanza kuona utamu katika ukali wenyewe. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani bila kusaidiwa, nani atakayeubeba ukali huo? Jenerali hataubeba, wala mbunge. Ataubeba mke wake, na mtoto aliye karibu na mkono wake.

Hapo ndipo tunapoliona deni. Taifa lilimtuma baba vitani kwa ajili ya wote. Halikumtuma mtoto. Hata hivyo mtoto analipa, tena analipa kwa siri, bila kuandikwa katika kitabu chochote cha jeshi. Mtu akiumia katika kazi niliyomtuma mimi, nami nikafaidika na kazi ile, siwezi kusema kwamba dawa yake ni zawadi yangu. Na madhara yakimpata mtoto wake, nitawezaje kusema kwamba hayanihusu?

Wazee waliujua mlango huu

Wengine watadhani kwamba mawazo haya ni mapya. Si mapya hata kidogo. Katika Agano la Kale, kitabu cha Hesabu chataja sheria hii: askari waliotoka vitani na kumwaga damu wasiingie kambini mara moja. Wakae nje siku saba, wajitakase wenyewe na mavazi yao, ndipo waingie kwa watu wao. Sura ile ina mambo mengine ya ukatili yanayotusumbua, lakini sheria hii ina hekima. Mtu hatoki katika kuua na kuingia katika kumbusu mtoto kama apitaye kutoka chumba hiki kwenda kile.

Kanisa la kale nalo lilijua hivyo. Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria, aliyekufa mwaka 379, hakuwahesabu askari waliouaua watu vitani kuwa sawa na wauaji. Hata hivyo alishauri wajizuie kupokea Komunyo muda wa miaka mitatu, kwa kuwa mikono yao si safi. Na baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, maaskofu wa Normandi waliwapa askari wa upande ulioshinda, askari wao wenyewe, kitubio kwa ajili ya watu waliowaua. Sisi leo twaweza kuona ukali katika amri hizo. Lakini tutazame vizuri: Kanisa lilikuwa linamwambia askari kwamba jambo alilolitenda ni zito, kwamba halitafichwa chini ya nyimbo za ushindi, na kwamba iko njia ya kurudi yenye mwanzo na mwisho.

Wala hekima hii haikuwa ya Wayahudi na Wazungu tu. Waacholi wa Uganda, majirani zetu, wana desturi iitwayo nyono tong gweno. Mtu aliyekaa mbali na nyumbani, na hasa aliyetoka vitani, hukanyaga yai kabla hajaingia katika ukoo wake. Maelfu ya vijana waliotoroka au kuachwa huru na jeshi la Joseph Kony walipokelewa hivyo. Sisi tuliozikwa na kuzika kwa mikono ya jeshi lile lile huko Uele twaweza kuelewa maana ya desturi hiyo: hata aliyetekwa kwa nguvu anahitaji mlango wa kurudia.

Tena, mafungo yenyewe ambayo mapadri, masista na walei wanayafanya kila mwaka yametoka wapi? Kwa sehemu kubwa yametoka kwa askari aliyejeruhiwa. Mwaka 1521, katika mapigano ya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu Inyasi wa Loyola. Alilala kitandani miezi mingi, akakosa riwaya za mashujaa alizozipenda, akasoma maisha ya Kristu na ya watakatifu. Mwaka uliofuata alikaa Manresa katika sala na mateso makubwa ya moyo. Katika siku zile ndipo ulipoanza utaratibu wa Mazoezi ya Kiroho. Kumbe mafungo ya Kanisa yana alama ya kidonda cha vita tangu mwanzo.

Basi tujue tulichokipoteza. Zamani palikuwa na siku za katikati, kati ya vita na nyumbani. Leo ndege imeziondoa siku hizo. Chama kile cha Colorado hakikuleta kitu kigeni. Kinajaribu kuzirudisha siku za katikati, tena kinamwingiza mke na watoto ndani yake. Na Kanisa lenyewe, katika sheria ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliitoa mwaka 1986 kwa ajili ya majimbo ya kijeshi, limewahesabu wake na watoto wa askari kuwa sehemu ya kundi la mchungaji wa askari.

Wanaopinga husema maneno matatu

Neno la kwanza ni chungu, nasi hatutalipita haraka. Watu husema: "Askari ndio waliotutesa. Mnataka kuwapumzisha watesaji?"

Nani hapa Kisangani hajui maana ya neno hilo? Tangu tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katika mji wetu. Maelfu ya mabomu yaliangukia nyumba za raia, na mamia ya watu wakafa. Mwezi wa Mei 2002, baada ya uasi wa askari, waliotawala mji wakati ule waliua watu wengi, na maiti zikatupwa mtoni kutoka daraja la Tshopo. Na lisemwe pia lile linalotuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha hapa Kisangani kikosi cha 391 cha jeshi letu wenyewe. Mwezi wa Novemba 2012, jeshi lilipokuwa linaukimbia mji wa Goma, askari walifika Minova wakawanajisi wanawake na wasichana zaidi ya 100. Umoja wa Mataifa ulitaja vikosi viwili vilivyohusika, na kimoja kilikuwa kile cha 391. Kesi ilipokwisha mwaka 2014, waliohukumiwa kwa kosa la kunajisi walikuwa wachache sana.

Tujibu nini? Kwanza, mke na watoto hawakutenda hayo. Kumhukumu mtoto kwa dhambi ya baba yake ni kurudi katika sheria ya kisasi ambayo manabii waliikataa. Pili, askari ambaye moyo wake umeachwa kuoza ni hatari kwa kila mama atakayekutana naye njiani. Wale wa kikosi cha 391 walifundishwa kushika silaha, hata sheria za vita walielezwa. Somo la darasani halitoshi kumlinda mtu siku ile anaposhindwa, anapokimbia, ana njaa, na hasira haina mahali pa kwenda.

Lakini tatu, na hili ndilo kubwa: kuponya si kufuta hatia. Mafungo si mahakama, wala hayawezi kuchukua nafasi ya mahakama. Mganga humtibu mwizi aliyevunjika mguu, na baada ya kutibiwa mwizi hujibu mashtaka yake. Sisi hatuna ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya wanawake wa Minova. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Mwingine akiutoa, ameiba.

Tumtazame Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite. Wengi wanajua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, aliuawa na kanali wa waasi kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi, na kwamba alimsamehe aliyemwua. Wachache wanakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa askari. Baba yake alipelekwa mbali wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye alimwacha mama yake. Binti huyu wa askari alijua maana ya nyumba iliyopasuka. Na mbele ya askari mwingine, alisema neno la msamaha kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka 1985, Kinshasa, Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri, ndipo Kanisa lilipomfuata katika msamaha huo. Yeye alitangulia, wengine walifuata. Utaratibu huo tusiugeuze.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuanzisha mafungo kwa jamaa za askari asisahau waliodhulumiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya madhara ya vita, na sehemu kubwa kuliko zote, dola milioni 225, ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Fedha hizo ni za wenye vidonda. Mama wa kambini asipewe kitu kilichotolewa katika mkono wa mjane wa vita vya siku sita. Wote wawili wana dai, na kila mmoja apate lake.

Neno la pili ni hili: "Mafungo ya nini? Wapeni mishahara!"

Waliosema hivi wamesema kweli. Askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu, na watosheke na mshahara wao. Neno hilo lina upande wa pili: lazima mshahara uwepo, na uwe wa kutosha kumlisha mtu. Katika nchi yetu fedha za askari zilikuwa zinapita mikononi mwa wakubwa wao, na zikifika chini zimepungua. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri, na baadaye mishahara ikaanza kupitishwa katika benki. Tena Papa Pius XI alifundisha mwaka 1937 kwamba mfanyakazi asipewe kama sadaka kile anachostahili kwa haki. Basi na tuseme wazi: mtu akinyima mshahara kwa mkono mmoja na kutoa mafungo kwa mkono mwingine, anadhihaki.

Lakini mshahara nao hauponyi kila kitu. Tunawajua watu wenye fedha ambao nyumba zao ni giza. Mama anaweza kupata unga na mafuta, na bado anaogopa sauti ya viatu vya mume wake mlangoni. Haki imlishe; na hapo ambapo haki haifiki, upendo uingie. Haya mawili ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Wavuvi wa Wagenya hawabishani kasia lipi ni bora; wakiacha moja, maji yatawazungusha.

Neno la tatu: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna ukoo, na ukoo ndio dawa yetu."

Ingekuwa hivyo, tungefurahi. Lakini ukoo uko wapi kambini? Askari wa Kisangani anaweza kuwa mtu wa Kasai, na mke wake mtu wa Ekwateri, na watoto wamezaliwa Bunia na Kindu. Yule shangazi ambaye angemwita mume pembeni na kumkemea yuko mbali kilometa mia nyingi. Yule mzee ambaye angewakalisha chini hawajamwona tangu arusi. Kambi imevikata vifungo vyote, ikaacha amri tu. Na amri haijui kubembeleza. Ni kwa sababu hiyo hasa Kanisa halina budi kuwa ukoo wa asiye na ukoo.

Mafungo ya namna gani?

Tusiige Colorado kama kasuku. Hatuna fedha zake. Lakini tangu Padri Gabriel Grison na wenzake wa Moyo Mtakatifu walipofika kwenye maporomoko mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, Kanisa la huku limejenga nyumba nyingi, za mapadri, za masista, za katekesi. Nyumba hizo zina miti, zina kisima, na zina siku ambazo ni tupu. Siku nne zatosha kwa kuanza. Twataja masharti machache, maana wema bila akili huweza kudhuru.

Mahali pawe nje ya kambi, na vyeo vibaki kambini. Koplo hawezi kufungua moyo wake mbele ya kapiteni wake.

Kabla ya maneno, chakula na usingizi. Nabii Elia alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Ndipo alipopata nguvu ya kwenda mlimani kumsikia Mungu. Jamaa hizi nazo zisianzishwe kwa mahubiri ya saa mbili.

Watoto wawe na watu wao, wenye kuwachezesha na kuwasikiliza. Mtoto ana mawe yake katika kamba, nayo si yale ya baba yake.

Mwanamke asikilizwe peke yake kwanza, na sista au mama aliyefundishwa kazi hiyo. Ikionekana kwamba mume anampiga na kumhatarisha, wasipewe chumba kimoja na kuambiwa wavumiliane. Huyo alindwe. Ndoa takatifu haimlazimishi mtu kukaa chini ya mkono unaoweza kumwua. Mara nyingi wanawake wetu wamehimizwa wavumilie mpaka kaburini, na sisi watu wa Kanisa hatukosi sehemu yetu katika kosa hilo.

Padri awepo kwa maungamo, lakini asimsukume mtu. Katika maungamo askari ataweza kuitaja dhambi yake kwa jina lake. Katika mashauri ataweza kukitaja kidonda chake. Dhambi na kidonda hukaa pamoja, lakini si kitu kimoja. Ukimpa mwenye kidonda lawama tu, atakata tamaa. Ukimpa mwenye dhambi dawa ya usingizi tu, umemdanganya.

Mwislamu, Mprotestanti na Mkimbangu wapokelewe sawa na Mkatoliki, maana risasi haikuwauliza dini. Wajane wasisahauliwe, maana wao huweza kupoteza mume na nyumba ya kambini pamoja. Wala pasiwe na picha za kuonyesha watu wanyonge wakipokea gunia la mchele mbele ya wakubwa.

Mwisho, mafungo yasiishe siku ya kuondoka. Kila jamaa ikirudi, shirika moja la parokia, yaani jumuiya ndogo ya Wakristu wa jirani, liipokee. Si kwa kuipeleleza. Mama mmoja apite Jumamosi, aulize habari, akae kidogo. Jioni ile ambayo baba anasikia tena kelele kichwani, awepo mtu mmoja katika mtaa ambaye mke anaweza kumgongea mlango bila aibu. Twadhani jambo hili dogo lina faida kuliko siku zote nne.

Jibu letu

Tulianza na swali: Je, tuna deni kwa jamaa ya askari? Twajibu: Tuna deni, tena ni deni la haki kabla ya kuwa la huruma. Waliobeba mzigo wa wote wana dai kwa wote, na waliobeba bila kuulizwa, yaani watoto, wana dai kuliko wengine. Deni hili halimfutii askari hatia yake, wala halimnyimi aliyedhulumiwa haki yake. Lakini halipungui kwa sababu sisi tuna hasira.

Tunajua ugumu wake. Yupo msomaji atakayeusoma ukurasa huu akiwa amepoteza ndugu kwa mkono wa mtu aliyevaa sare. Hatumwambii ajilazimishe kupenda. Tunamwomba jambo moja tu: akipita karibu na kambi asubuhi, akamwona yule mtoto mwenye shati jeupe, amtazame kama mtoto wa shule, asimtazame kama bunduki ndogo.

Yule jemadari wa Kafarnaumu alikuwa askari wa jeshi lililoitawala nchi ya Wayahudi kwa nguvu. Alimwendea Bwana wetu kwa ajili ya mgonjwa aliyelala nyumbani mwake. Bwana alijua vizuri jeshi lile lilikuwa la namna gani. Siku moja askari wa jeshi hilo hilo wangempigilia misumari. Hata hivyo hakumwambia mgonjwa angoje mpaka mambo yote ya Warumi na Wayahudi yaishe. Alimponya saa ile ile. Wagonjwa wa nyumbani mwa askari wangali wamelala, nao ni wengi, na nyumba nyingine ziko hatua chache tu kutoka kanisani petu.